Kabla ya Nukta Sita: Utoto wa Louis Braille na Somo kwa Chekechea Zetu

Kila ifikapo tarehe 4 Januari dunia huadhimisha Siku ya Breli. Umoja wa Mataifa uliitia siku hiyo kwenye kalenda yake, na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2019. Tarehe yenyewe ni ya kuzaliwa kwa Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta nundu ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Wanaomhadithia huanzia pale alipokuwa kijana wa miaka 15, akitoboa karatasi usiku wenzake wakiwa wamelala. Mimi leo nataka kuirudisha hadithi nyuma, kwenye ile miaka 7 iliyotangulia shule ya vipofu. Humo mna jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani, tulioko nyumbani na tuliohamia Nairobi kutafuta riziki.

Nasema Nairobi kwa sababu huko ndiko ninakoishi. Kazi yangu iko katikati ya mji, na jioni napanda matatu ya 46 pale Kencom kurudi Kawangware. Katika mitaa hii ya magharibi nimeona watoto wasioona wakikaa mlangoni na mama zao saa ambazo wenzao wako chekechea. Wana miaka 4, wana miaka 5, na siku zao zinapita. Ukiyajua maisha ya Braille utajua ni nini hasa kinachopita pamoja na siku hizo.

Louis alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Paris. Babake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Zama hizo farasi ndiye aliyekuwa gari na lori, kwa hiyo fundi wa hatamu na mikanda ya ngozi hakukosa kazi. Mamake aliitwa Monique. Walikuwa watu wa kawaida wenye nyumba na karakana, na Louis alikuwa mziwanda wao, wa mwisho katika watoto 4.

Mwaka 1812, akiwa na miaka 3, aliingia karakanani kwa babake akaanza kucheza na vyombo vya kazi. Alishika chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, kwa jinsi alivyomuona babake akifanya. Chuma kiliteleza kikamchoma jicho. Hapakuwa na dawa ya kuzuia jeraha la aina ile lisioze. Watu wa kijijini walijaribu tiba zao, madaktari wakajaribu zao, lakini uchungu ulienea hadi jicho la pili. Alipofika miaka 5 hakuwa anaona kabisa.

Tusimame hapa kidogo. Ufaransa ya wakati ule, mtoto kipofu wa familia ya kawaida mwisho wake mara nyingi ulikuwa kuomba barabarani au kufichwa ndani. Isitoshe, mwaka 1814 vita vya Napoleon viliwafikia mpaka mlangoni. Wanajeshi wa kigeni walikaa kijijini, wakilala majumbani mwa watu na kula chakula chao. Kwa mzazi mwenye shida zote hizo, kumweka mtoto kwenye kiti na kumlisha kungeonekana ni huruma ya kutosha.

Simon-René na Monique hawakufanya hivyo. Baba alimchongea mwanawe bakora, na Louis akaanza kujifunza njia za Coupvray kwa kugonga chini na kusikiliza: hapa pana mawe, hapa pana udongo, hapa sauti inarudi kwa sababu kuna ukuta. Nyumbani alipewa kazi kama mtoto mwingine yeyote. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitengeneza vishada vya ngozi vya kupambia matandiko ya farasi katika karakana ile ile iliyomtoa macho. Inasimuliwa pia kwamba babake alipigilia misumari kwenye ubao kwa maumbo ya herufi, mtoto azipapase. Wazazi wale walikuwa wakijua kusoma na kuandika, na hawakuona sababu ya mtoto wao mmoja kukosa.

Mwaka 1815 alikuja kijijini kasisi mpya, Jacques Palluy. Alimuona mtoto huyu mwepesi wa kusikia na mwenye maswali mengi, akaanza kumfundisha mwenyewe. Somo lilikuwa la kugusa, kunusa na kusikiliza: maua, miti, sauti za ndege, visa vya dini. Palluy hakuwa na mafunzo yoyote ya kufundisha wasioona. Alichokuwa nacho ni muda, na imani kwamba mtoto ana akili.

Kasisi huyo ndiye aliyemwendea mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamuomba ampokee Louis darasani pamoja na wenzake wanaoona. Bécheret akakubali. Kila asubuhi mtoto wa jirani alimshika Louis mkono wakaenda shule pamoja. Hakuweza kuandika, hakuweza kusoma kitabu, lakini alisikiliza na kuhifadhi, na hesabu akazifanya kichwani. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lile.

Sisi wa pwani hatuwezi kustaajabu hapo. Ni nani kati yetu asiyemjua hafidh asiyeona, aliyekaa chuoni tangu udogo akishika kwa sikio mpaka akakamilisha? Vyuo vyetu vilimpokea mtoto kama huyo tangu zamani, bila barua ya serikali na bila mwalimu maalumu. Maalim alimweka karibu naye, na mtoto mwenzake akamshika mkono kumpeleka na kumrudisha. Ndivyo alivyofanya Bécheret.

Baadaye kabaila wa pale kijijini alisaidia kupatikana kwa nafasi katika shule ya vipofu ya Paris, na Louis akaingia tarehe 15 Februari 1819, akiwa na miaka 10. Shule hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Jengo lilikuwa kuukuu, lenye unyevu na giza, na watu wengi wanaamini kwamba humo ndimo alimopatia maradhi ya kifua yaliyomuua baadaye.

Vitabu vya shule vilikuwa vya Haüy: herufi za kawaida zilizokuzwa na kuinuliwa juu ya karatasi. Mtoto alipapasa herufi moja moja, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Vilikuwa vizito, vichache na vya gharama. Na mwanafunzi hakuweza kuandika chochote kwa njia ile. Aliweza kusoma kidogo alichoandikiwa na anayeona, basi.

Mwaka 1821 shule ilipata habari za mfumo wa Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa mwanajeshi. Barbier alitumia nukta zilizoinuliwa badala ya herufi. Wazo lilikuwa zuri, lakini alama moja ilikuwa na nukta hadi 12, ndefu kuliko ncha ya kidole, na ziliwakilisha sauti tu, hakuna tahajia wala alama za uandishi. Louis alikuwa na miaka 12. Akauchukua mfumo ule akaanza kuupunguza na kuupanga upya, usiku shuleni na wakati wa likizo kule Coupvray. Kufikia mwaka 1824 alikuwa amemaliza: nukta 6 tu, safu mbili za nukta tatu tatu, zinazotosha chini ya ncha ya kidole kimoja. Kutokana na nukta hizo 6 hupatikana alama 63 tofauti, zinazotosha herufi, tarakimu, vituo na hata noti za muziki.

Kijana wa miaka 15 alitatua jambo lililowashinda watu wazima wanaoona, na sababu yake ni nyepesi. Wao waliyapenda maandishi yanayopendeza machoni. Yeye alijua kidole kinataka nini, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi tangu ana miaka 3. Bakora, ngozi, misumari ya ubaoni, maua ya kasisi: yote hayo yalikuwa darasa. Angekalishwa kwenye kona mpaka miaka 10, angefika Paris na mikono isiyojua kitu.

Mwaka 1829 alichapisha kitabu cha kueleza mfumo wake, na mwaka 1837 akautoa tena ukiwa umesafishwa. Wakati huo alikuwa mwalimu katika shule ile ile, na pia mpiga kinanda hodari aliyeajiriwa makanisani Paris. Alibuni pia njia ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta, ili asiyeona aweze kumwandikia ndugu yake anayeona. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, akaiundia mashine.

Msidhani alipokelewa kwa matarumbeta. Mwaka 1840 mkuu mpya wa shule, Dufau, aliyapiga marufuku maandishi yale. Walimu wanaoona waliona tabu kuyajifunza, na kulikuwa na hoja kwamba wasioona wasiwe na maandishi yao peke yao. Wanafunzi hawakuacha. Walifundishana kwa siri na kuandikiana kwa siri. Joseph Guadet, msaidizi wa mkuu, alipoona hivyo akabadilika na kuwatetea, na mwaka 1844, wakati wa kufunguliwa jengo jipya la shule, maandishi ya Braille yalionyeshwa mbele ya watu.

Louis Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852 kwa kifua kikuu, siku 2 baada ya kutimiza miaka 43. Serikali ya Ufaransa ilikuwa haijayakubali maandishi yake; iliyakubali mwaka 1854. Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishwa ukazikwa Panthéon, Paris, wanakozikwa wakubwa wa taifa lile. Mikono yake ilibakishwa kwenye kaburi la Coupvray. Wanakijiji walijua kilichokuwa chao.

Maandishi yake yametufikia sisi pia, Kiswahili kikiwemo. Kifaransa cha Braille hakikuwa na haja ya herufi w, kwa hiyo mwanzoni haikuwemo katika mpangilio wake, ikaja kuongezwa baadaye. Mtoto wetu anaisoma leo katika kila watu, wewe na Mswahili.

Sasa turudi mjini.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja aliyetoka pwani kama mimi, mwenye mtoto wa kiume asiyeona. Mtoto alipofika miaka 4 mama alimpeleka chekechea moja ya kibinafsi, sitaitaja. Mwalimu alimpokea vizuri, akamkalisha, kisha akamwambia kwa upole kwamba wao hawawezi, asubiri mtoto afike umri wa shule ya msingi ampeleke shule ya vipofu. Mama akarudi naye nyumbani. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nasoma magazeti, kama hiyo ndiyo sheria.

Sheria haisemi hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu pamoja na wenzake, na haki ya kutumia breli. Mtaala wa sasa nao una miaka miwili ya elimu ya awali, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka 4 na 5. Hakuna palipoandikwa kwamba asiyeona aanze baadaye.

Lakini kuna mwanya, na ni vyema tuutaje. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linagawa kazi kati ya serikali mbili. Elimu ya awali ni ya kaunti. Elimu maalumu ni ya serikali kuu. Je, mtoto asiyeona wa miaka 4 ni wa nani? Kaunti itasema huyu ni wa elimu maalumu. Wizara itasema chekechea ni ya kaunti. Kila mmoja ana karatasi yake mkononi, na mtoto yuko mlangoni na mamake.

Si kwamba hakuna kitu. Chama cha Wasioona cha Kenya kipo kwa sheria ya bunge tangu mwaka 1956. Hapa magharibi mwa jiji kuna hospitali ya macho ya Lions kule Loresho, na ukipita zaidi kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu. Huko ndiko kwa kuanzia, kwa sababu mtoto anayedhaniwa haoni kabisa huenda ana uoni hafifu unaosaidika kwa miwani, au mtoto wa jicho unaoondolewa kwa upasuaji, na kuchelewa kuna hasara yake. Kilimani iko Shule ya Msingi ya Kilimani, inayosomesha wasioona pamoja na wanaoona, na 46 yetu inapita mitaa hiyo hiyo. Thika iko shule ya vipofu tangu mwaka 1946, na kwetu Mombasa iko ya Likoni. Kinachokosekana ni ile miaka ya kabla ya shule.

Na miaka ile si ya kuchezea. Fikiria mtoto anayeona hapa Nairobi. Kabla hajaingia darasani ameshakutana na herufi mara elfu: kwenye mabango ya Barabara ya Ngong, kwenye matatu zilizochorwa pande zote, kwenye pakiti ya maziwa. Hakuna aliyekaa kumfundisha, zimemwingia tu. Mtoto asiyeona hatakutana na herufi hata moja kwa bahati. Kila herufi lazima mkono wa mtu umletee. Hata maneno ni hivyo. Anaweza kusema mnazi kila siku na asijue kwamba una shina analoweza kulikumbatia, mpaka mtu ampeleke akaukumbatie.

Wengi hudhani hayo yanahitaji mashine na mtaalamu. Breli yenyewe itamhitaji mwalimu aliyesomea, sikatai. Matayarisho yake hayahitaji. Chukua trei ya mayai, ukate mashimo 6, safu mbili za matatu. Mpe mtoto ndimu. Ndimu moja kwenye shimo la juu kushoto, hiyo ni a. Ndimu mbili, la juu na la kati upande huo huo, hiyo ni b. Ameshaweza kuandika baba. Juu na chini kushoto ni k, naye ameandika kaka. Mashimo yote matatu ya kushoto ni l, naye ameandika lala. Maneno matatu ya nyumbani, na safu ya kulia hajaigusa bado. Mwalimu yeyote wa chekechea anaweza kufanya hivyo mezani, na watoto wanaoona watapenda kucheza naye.

Yaliyobaki ni yale ya Coupvray: fimbo, kazi ndogo za nyumbani, kuvaa viatu vyake mwenyewe, kupanga vikombe, kutambua choroko na mbaazi kwa vidole, kwenda dukani ameshikwa mkono na mwenzake. Ataanguka, naam. Watoto wote huanguka.

Kwa serikali zetu za kaunti, ya Nairobi na za pwani, ombi langu ni dogo. Ajirini mwalimu wa breli wa kuzunguka, hata mmoja kwa kila kaunti ndogo, atembelee chekechea siku maalumu, amwonyeshe mwalimu wa kawaida la kufanya mpaka atakaporudi. Msisubiri kujenga shule mpya. Na wizara isaidie kumlipa, badala ya kubishana na kaunti ni nani mwenye mtoto.

Kwa wenye chekechea na madrasa, nawakumbusha kwamba Mombasa si mgeni wa mambo haya. Mpango wa chekechea za madrasa ulianza hapo miaka ya 1980, walimu wakiwa kina mama wa mitaa yenyewe, ukaenea mpaka Zanzibar na Uganda. Tuliweza wakati ule kuchanganya chuo na chekechea. Kumpokea mtoto mmoja asiyeona ni jambo dogo kuliko hilo.

Na kwa wazazi, wahenga wetu walisema udongo upatize uli maji. Yule mama wa mtaani kwetu ameshakata trei yake, na mwanawe anamwandikia kaka yake kila jioni, ndimu zikidondoka sakafuni. Bado anatafuta chekechea. Anayeijua inayopokea, kati ya Kangemi na Kilimani, au huko nyumbani Mombasa, Kilifi na Kwale, aitaje kwa jina hapa, wazazi wengine nao waisikie.